Fedha za jumuiya zifike pia kwa mtumwa wa vinini

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, na ninyi watoto mnaowasomea wazazi gazeti hili jioni: safari hii ukurasa wetu hausemi juu ya kofia ngumu wala juu ya chandarua. Unasema juu ya kinini kimoja kidogo ambacho baadhi yenu mnacho mfukoni sasa hivi. Jina lake ni tramadoli.

Naanza na kosa langu mwenyewe, msije mkasema munganga anawahubiri wengine tu.

Mfanyakazi mmoja wa ekipe ya miti, mtu wa nguvu na wa heshima, aliumia mgongo akishusha nguzo shimoni. Alikuja dispensari amejishika kiuno. Nilimpa vinini kumi vya tramadoli, vya miligramu 50. Vilimsaidia. Akarudi, nikampa tena. Akarudi mara ya tatu na ya nne, na mimi, kwa kuwa mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu na mvua ilikuwa inanyesha, sikumvua hata shati nione ule mgongo unaendeleaje. Niliandika tu katika karatasi yake. Baada ya miezi mitatu hakurudi tena. Nikafurahi, nikadhani amepona. Kumbe alikuwa amepata duka. Kule hakuna mstari, hakuna karatasi, na vinini vyake si vya 50, ni vya 200 na zaidi.

Siku moja wakamleta kwa machela. Alikuwa ameanguka karibu na mdomo wa shimo, hatua nne au tano tu kutoka ukingoni, anatetemeka mwili mzima, povu kinywani. Mimi niliandika "kifafa". Jamaa zake walisema amelogwa, wakaanza kuchanga pesa ya kumtafuta aliyemloga. Jioni mke wake akaja peke yake. Akafungua fundo la kitenge, akaweka juu ya meza yangu mfuko uliojaa karatasi tupu za vinini. Akaniambia: "Munganga, si ni ile dawa ya mugongo wewe mwenyewe ulimupatia?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu. Wanaume, wanawake wabebaji, na hata vijana wasio na kazi kwetu, wanakuja kwangu na tumbo lililofunga choo, mikono inayotetemeka, usingizi uliokimbia, na wote wanaficha mfuko kama ule. Kwa hiyo naandika.

Kinini hiki ni nini

Tramadoli ni ya ukoo wa afyuni. Ndugu zake ni mofini, kodeini na heroini. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977. Ni dawa nzuri. Mama aliyepasuliwa tumbo, mtu aliyevunjika mfupa, mgonjwa wa kansa, hao wote wana haki nayo. Mtu mzima apewe kwa kipimo, asipite miligramu 400 kwa siku, na siku ziwe za kuhesabika. Hadi leo haimo katika orodha ya dawa zinazofungwa na mikataba ya mataifa, na sababu yake si ya kipumbavu: nchi maskini ambazo hazina mofini ya kutosha zinaogopa kwamba wakiifunga, wagonjwa wao watabaki wanalia bila kitu. Mimi nisingependa ifungwe. Nimeona mtu akikatwa kidole bila dawa ya kutosha, na sitaki kuona tena.

Lakini kinini hiki kina kazi mbili. Kinaua maumivu, tena kinampa mtu joto na moyo: njaa inaondoka, uchovu unaondoka, mzigo unakuwa mwepesi. Hapo ndipo kinawanasa watu wetu. Wengi wanafikiri mtumwa wa dawa ni kijana mvivu wa mjini anayelala chini ya veranda. Huku kwetu siyo hivyo. Mtumwa wa tramadoli mara nyingi ndiye mwenye bidii kuliko wote katika ekipe, yule anayesifiwa na kapita.

Kuna habari moja ya Kamerun ambayo napenda kuisimulia. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti mmoja wa kaskazini ya nchi ile. Watu wakashangaa: kumbe mti unatengeneza dawa ya Wajerumani! Mwaka uliofuata wataalamu wengine wakaonyesha sababu. Wakulima walikuwa wanameza tramadoli ili walime kwenye jua kali, na ng'ombe wa kukokota jembe nao walikuwa wanapewa. Mkojo wa watu na wa ng'ombe uliingia katika udongo, na miti ikainywa. Ng'ombe yule hakuwa na ulevi wa kutafuta. Alipewa ili asichoke.

Ukizoea, mwili unaanza kudai. Ukiacha ghafla, mifupa inauma yote, jasho linatoka, ngozi inasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaharisha, usiku hufungi macho. Mtu hamezi tena ili afurahi, anameza ili aweze kusimama. Wengine hukiita kitu hiki uraibu. Mimi nauita utumwa, maana nimeona mtu akiuza godoro la watoto.

Na shimoni ni mbaya zaidi. Maumivu ni kengele ya mwili. Aliyezima kengele hajui kwamba mguu wake umeteguka, hasikii kichwa kinachouma kwa hewa mbaya. Tena tramadoli, kuliko wengi wa ndugu zake, ikizidi inaleta degedege hata kwa mtu ambaye hajapata kifafa maisha yake yote. Ikichanganywa na kanyanga, au na vinini vya usingizi kama diazepamu, pumzi inapungua na kupungua mpaka inakata. Nawaomba mama wa nyumbani mshike hili. Mkimkuta mtu hazinduki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma vibaya, midomo imekuwa ya bluu, msimmwagie maziwa kinywani wala mafuta wala maji. Yatamwingia mapafuni. Mwiteni kwa nguvu, mfinyeni, mlazeni kwa ubavu, mtu mmoja akimbilie dispensari, na pumzi ikikata mmpulizie mdomo kwa mdomo mpaka tufike. Akiwa na degedege, ondoeni mawe na vyuma karibu naye, msimtie kijiko katikati ya meno, msimkandamize.

Kuna dawa ya sindano iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha dawa za ukoo wa afyuni. Kwa tramadoli haifanyi kazi yote, tena yataka uangalifu kwa sababu ya degedege, lakini inaokoa watu. Kituo cha afya chochote kinachohudumia machimbo kinapaswa kuwa nayo.

Fedha zipo wapi

Sasa nafika kwenye neno lililonisukuma kuandika. Kila ninaposema tuwatibu watu hawa, naulizwa: kwa pesa gani?

Sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inajibu. Kodi ambayo kila kompani inalipa kwa madini inayotoa, ile redevansi, inagawanywa: katika kila franga 100, franga 50 ni za Serikali ya Kinshasa, 25 ni za jimbo, 15 ni za shefferi au sekta ambamo madini yanachimbwa, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa koltani, ambayo Serikali iliiweka mwaka 2018 katika madini ya pekee, kodi hiyo ni 10 kwa mia. Tena, mbali na redevansi, sheria ileile inaitaka kila kompani yenye haki ya kuchimba itenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya kazi za maendeleo ya jumuiya zinazoizunguka. Kwa hiyo shefferi ya Bahunde, shefferi ya Bashali, sekta ya Katoyi, sekta ya Osso-Banyungu, na kule Walikale sekta ya Wanianga na ya Bakano, hazina haja ya kuomba kama maskini mlangoni. Palipo na kompani inayolipa, wana fungu lao kwa sheria.

Mtu wa Shasha atacheka. Atasema: munganga, wewe unaishi wapi? Februari 2024 vita vilifika hapahapa, barabara ya Sake na Minova ikakatika, tukakimbia na magodoro kichwani. Januari 2025 Goma ikatekwa, benki zake zikafunga milango. Machi 2025 vita vikafika mpaka Walikale mjini. Unatuimbia hesabu za franga 15 katika 100?

Nasema kweli, hasira hiyo ni ya haki. Vita vimevuruga hesabu hizi. Lakini vita vilevile ndivyo vilivyoongeza vinini. Watu walibeba wazee mgongoni, wakalala juu ya mawe ya volkano, wakazika bila matanga. Wengi wamerudi na maumivu ambayo hayaonekani kwa macho, na kinini kinayanyamazisha yote mawili, la mwili na la moyo. Tukingoja amani iwe kamili ndipo tuseme neno, tutawazika wengine. Na kila mara fedha za jumuiya zinapopatikana, ziwe za redevansi, ziwe za lile fungu la 0.3, mkutano unakaa na kuuliza: tufanye nini? Majibu ninayoyasikia ni yaleyale: shule, daraja, ofisi ya shefu, bati za kanisa. Sijawahi kusikia mtu akisema: tuwasaidie walionaswa na vinini.

Mzee mmoja aliniambia waziwazi: "Daraja linavusha watu wote. Mlevi alijichagulia mwenyewe." Neno lake lina uzito, nami nalijibu kwa heshima. Mzee, yule fundi wa miti hakuchagua ulevi. Alichagua kutibiwa mgongo. Aliyemtia njiani ni mimi niliyevaa koti jeupe. Na mtu akianguka na degedege huku ameshika kamba ya wenzake watatu, hao watatu nao walichagua nini?

Wenzetu wamefanyaje

Tuangalie Marekani, nchi tajiri. Huko mwaka 2021 watu zaidi ya 80,000 walikufa kwa dawa za ukoo wa afyuni. Ugonjwa ule ulianza kama wa yule fundi wetu: karatasi za madaktari na vinini vya maumivu. Majimbo yakashitaki. Mwaka 2022 yakamalizana na kompani ya Johnson & Johnson na wauzaji wakubwa watatu wa dawa, nao wakakubali kulipa hadi dola milioni elfu 26 kidogo kidogo kwa miaka mingi. Safari hii walioandika mapatano waliweka sharti kwamba sehemu kubwa kabisa ya fedha itumike kutibu na kuzuia. Kwa nini sharti? Kwa sababu mwaka 1998 walipata fedha nyingi zaidi kutoka kwa kompani za tumbaku, hawakuzifunga, na nyingi zikaingia katika barabara na madeni ya majimbo. Na hata kwa sharti, kuna wilaya zilizozitumia fedha za vinini kununua magari ya polisi. Basi kama fedha zinapotea njia kule kwenye magazeti na mahakama nyingi hivyo, sisi tunaokaa mwisho wa barabara ya matope tunapaswa kuziandikia jina kabla hazijafika.

Karibu nasi kuna Tanzania. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilianza kuwapa watumwa wa heroini dawa iitwayo methadoni, maji ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi. Vikafuata vituo vya Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Uganda ilianza Butabika mwaka 2020. Watu waliokuwa wanaiba nyaya na kulala makaburini walirudi kwa mama zao. Kazi nzuri, ila sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Marekani. Januari 2025 Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha msaada wa nje kwa siku 90, na kliniki nyingi za Afrika zilizosimama juu ya msaada huo ziliyumba mara moja. Mgonjwa wa methadoni hawezi kungoja siku 90. Hawezi kungoja hata siku tatu.

Mimi siombi methadoni kwa Shasha. Hiyo inahitaji daktari, sefu, walinzi, na barabara isiyokatika. Kwa tramadoli mara nyingi inatosha kupunguza: leo vinini nane, juma lijalo saba, halafu sita na nusu, kwa miezi, chini ya jicho la munganga, ili mwili ujifunze upya. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachogharimu ni mtu. Naomba sehemu ya fedha za jumuiya imlipe muuguzi mmoja katika kila kituo cha afya kinachozunguka machimbo, aliyefundishwa kazi hii, asiye na haraka ya mstari kama niliyokuwa nayo mimi. Naomba imlipe na mama mmoja au baba mmoja wa kijiji, mwenye ulimi uliofungwa, wa kutembelea nyumba jioni. Naloksoni iwe sandukuni. Na maduka ya dawa yakaguliwe, si kwa fimbo na faini ya kuingia mfukoni mwa mtu, bali kwa kuandika ni nani ameuza nini. Polisi wakivamia vibanda, bei inapanda kwa juma moja, mtumwa anauza godoro la pili, na kibanda kinafunguliwa nyuma ya kanisa. Tumeyaona hayo.

Kumbukeni Kinshasa mwaka 2021. Vijana walikuwa wanavuta unga wa kahawia ulioitwa bombé, uliotokana na kusaga vitu vya ndani ya bomba la moshi wa magari na kuchanganya na vinini. Rais alipiga kelele, vijana wakakamatwa, waibaji wa bomba wakakamatwa. Mtu akitoka kizuizini na mwili ule ule unaodai, atakwenda wapi?

Kwa wakubwa wa kompani nina neno moja, nao wamekubali niliandike. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwenye kazi amtibu mfanyakazi wake na jamaa yake wanapougua. Huu ni ugonjwa. Ikiwa kila anayekutwa na vinini anafukuzwa siku hiyohiyo, hakuna atakayekuja kwangu kabla hajaanguka, na atakayeanguka hataanguka kila mara hatua nne kabla ya shimo. Atolewe shimoni, ndiyo, mara moja, bila mjadala. Apewe kazi ya juu, kuchambua au kulinda ghala, na apewe miezi ya kupunguza. Makapita wengine hawapendi wazo hili. Wanasema watu watajifanya wagonjwa ili wapumzike juani. Labda wawili watatu watafanya hivyo. Nimeshawajua wanaojifanya kuumwa jino kila Jumatatu, na kompani haijaanguka.

Na ninyi wajumbe wa kamati, na waheshimiwa mashefu mnaoketi wakati wa kugawa fedha: mkutano ujao nitakuja, kama mtanipa dakika kumi. Sitakuja na majina. Nitakuja na ule mfuko wa karatasi tupu, ambao yule mama aliniachia.

Mume wake yuko ghalani sasa, anahesabu magunia. Mgongo bado unamsumbua, safari hii nimemvua shati na kumtuma kwa daktari. Alianza na vinini nane kwa siku, vikubwa, na juma hili amefika vitatu vidogo. Juma la pili lilikuwa baya sana, alitaka kunipiga. Mke wake ndiye anayeviweka, katika kikopo cha maziwa ya unga juu ya kabati, na anampa mwenyewe asubuhi na jioni.

Anayetaka kuja, dispensari inafunguliwa saa moja asubuhi. Asiyetaka kuonekana mstarini apite mlango wa nyuma, upande wa tangi la maji, baada ya saa kumi. Mke anaweza kuja kwa niaba ya mume, na mume kwa niaba ya mke. Leteni vinini mlivyo navyo, pamoja na karatasi zake, nijue ni vya miligramu ngapi. Sitaandika jina lako mpaka uniambie niandike.